Jinsi ya kupata vigawo vya 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba hii ni 2³² + 1. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini ni tasa, hadi mwenzake wa baadaye, Leonhard Euler, alipoigawa mwaka 1732. Ukitaka kujaribu kila namba tasa mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, utagawa zaidi ya mara 6,500. Usifanye hivyo, punguza kwanza namba za kujaribu.

Tuseme p ni namba tasa inayoigawa. Hapo 2³² ukiigawa kwa p inabaki p − 1, na 2⁶⁴ inabaki 1. Yaani kipeo kidogo zaidi cha 2 kinachobakiza 1 ni 64, na kipeo cha namna hiyo daima huigawa p − 1. Kwa hiyo 64 lazima iigawe p − 1. Mwanahisabati Édouard Lucas baadaye alithibitisha kwamba hata 128 inaigawa. Basi andika namba za umbo 128k + 1: 129, 257, 385, 513, 641. Futa zisizo tasa (129 = 3 × 43, 385 = 5 × 77, 513 = 27 × 19). Zimebaki mbili tu.

Kwa 257: 2⁸ = 256, yaani pungufu ya 257 kwa 1. Kipeo chake cha pili, 2¹⁶, kinabaki 1, na 2³² nayo inabaki 1. Ongeza 1, baki ni 2. Haigawi.

Kwa 641, endelea kupandisha kipeo cha pili huku ukichukua baki kila hatua:

2¹⁶ = 65,536 = 641 × 102 + 154
154² = 23,716 = 641 × 36 + 640

Baki la 2³² ni 640; ongeza 1 upate 641. Imegawanyika bila baki, na jibu ni 6,700,417.

Wengi huishia hapa, nao hawajamaliza: 6,700,417 yenyewe ni tasa? Kipeuo chake cha pili ni kama 2,588, na kigawo chake chochote kinaigawa pia namba ya mwanzo, hivyo umbo ni lilelile. Jaribu 641 tena (huenda ikaingia mara mbili), 769, 1,153 na 1,409. Mabaki ni 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.

Vigawo basi ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe, jumla yake 4,301,668,356. Namba yetu pia ni jumla ya vipeo viwili vya pili kwa njia mbili: 65,536² + 1² na 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili.

Ukitumia kompyuta, chagua namba nzima za biti 64. Kwenye biti 32 zisizo na alama ya hasi, kikomo ni 4,294,967,295, hivyo namba yetu inageuka kuwa 1 bila onyo lolote. Na usiipime utasa kwa jaribio la Fermat la msingi 2 (namba N hupita kama 2ᴺ⁻¹ ukiigawa kwa N inabaki 1; hapa N ni namba yetu): 2⁶⁴ ukiigawa kwa N inabaki 1, na N − 1 ni kigawe cha 64, kwa hiyo itapita kama tasa. Tumia msingi 3, hapo inakamatwa.