Somo: Kuchagua bunduki ya kaliba ndogo kwa wanyama waharibifu na kulenga shabaha

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "Ninunue ipi?" Nami humrudishia muulizaji swali: risasi yako itaishia wapi? Wengi huanza na picha ya bunduki waliyoipenda, wakainunua, kisha wakatafuta kazi ya kuipa. Somo hili linakwenda kinyume. Tutaanza pale risasi inapotua, turudi nyuma hatua kwa hatua mpaka begani.

Kabla ya lolote, soma sheria ya nchi yako: kibali cha kumiliki, wanyama unaoruhusiwa kuwapiga, kaliba inayoruhusiwa kwa kila mnyama, upigaji wa usiku, na vifaa vya kupunguza sauti. Haya hutofautiana mno kati ya nchi na nchi, kwa hiyo usimwige mtu wa kwingine.

Hatua ya 1: Nenda eneo lako bila bunduki

Chukua daftari. Simama pale utakapopigia, kisha pima kwa hatua mpaka pale panya, sungura au kunguru anapotokea. Watu wengi huniambia "mita 100", tukipima tunakuta 40. Hiyo ni habari njema, maana umbali mfupi unakuruhusu silaha tulivu na ya gharama ndogo.

Halafu angalia nyuma ya mnyama. Hapa nataka ukae sana, kuliko hatua nyingine yoyote. Risasi ya .22 (kipenyo cha inchi 0.22, yaani milimita 5.6 hivi) ni ndogo kama punje ya maharage, lakini ikipigwa kuelekea juu inaweza kwenda kilomita 2 na kuzidi. Ukikosa, au ikimpenya mnyama, inahitaji kitu cha kuipokea: kingo ya udongo laini, mteremko usio na mawe, tuta nene. Kichaka si kinga. Ua wa mbao si kinga. Mnyama aliyesimama juu ya kilele na anga nyuma yake hapigwi, hata kama amekula bustani nzima.

Na kuna kudunda. Risasi nzito ya .22 inayokwenda polepole hudunda vibaya kwenye maji, mwamba na ardhi ngumu iliyokauka. Nilipokuwa mgeni wa mambo haya nilimpiga sungura karibu na mtaro mkavu, nikakosa, nikasikia ule mlio wa kuvuma ukipita juu ya miti na kutokomea. Hapakuwa na mtu upande ule. Lakini sikulijua hilo wakati nafyatua, nililijua baadaye, na jambo hilo bado linanikera. Tangu siku ile hupiga nikiwa mahali pa juu, mdomo wa mtutu ukielekea chini, ardhi yenyewe iwe kinga.

Andika basi: umbali wa kawaida, umbali wa mwisho, kinga ya nyuma, na nani anaishi au kupita upande gani. Daftari hilo ndilo litakalonunua bunduki.

Hatua ya 2: Chagua risasi kabla ya bunduki

Kwa kazi yetu kuna chaguo nne.

Bunduki ya hewa, kaliba ya 4.5 au 5.5 mm. Kwa panya na njiwa ndani ya ghala au karibu na majengo, umbali usiozidi mita 30, hii inatosha na mara nyingi ndiyo sahihi kuliko zote. Ina sauti ndogo, na peleti yake haisafiri mbali kama risasi. Ikiwa daftari lako linasema mita 20 na bati la ghala nyuma, ishia hapa.

.22 LR (Long Rifle, yaani .22 ya kawaida). Ilianza mwaka 1887 na mpaka leo hakuna iliyoing'oa. Kichwa chake cha kawaida, yaani kile kipande kinachoruka, kina gramu 2.6 hivi. Ile ya kasi hutoka mtutuni karibu mita 380 kwa sekunde, ile ya taratibu hubaki chini ya kasi ya sauti, yaani chini ya mita 340 hivi. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Inayopita kasi ya sauti hutoa mpasuko angani, kisha kabla ya kufika mita 100 hupungua na kuvuka tena mpaka ule, na hapo huyumba kidogo. Ndiyo sababu walenga shabaha wengi hupenda ile ya taratibu: huanza chini ya mpaka na kubaki huko. Kwa sungura, fikiria mita 50 hadi 70, si zaidi.

.17 HMR, ya mwaka 2002. Ni ganda la .22 Magnum lililobanwa shingo. Kichwa kina gramu 1.1 tu lakini kinaruka karibu mita 770 kwa sekunde. Ukiisawazisha kwa mita 100, yaani ukirekebisha darubini ili risasi itue pale unapolenga kwa umbali huo, kwa mita 50 itapiga juu kwa chini ya sentimita 2, kwa hiyo hesabu ya umbali inakuwa rahisi. Kichwa chake chepesi husambaratika kinapogonga, hivyo hudunda kidogo kuliko .22, ingawa hudunda pia. Ubaya wake ni upepo, ambao humsumbua kila anayetumia kichwa chepesi, na kelele. Nyama ya sungura mdogo pia huharibika ukimpiga mwilini.

.22 Magnum, ya mwaka 1959. Ina nguvu zaidi ya mara mbili ya .22 LR ya kawaida, inafaa mnyama mkubwa kidogo kuliko sungura. Mimi simshauri anayeanza kuichukua, kwa sababu risasi zake hupatikana kwa taabu zaidi na kwa kulenga shabaha tu haikuongezei kitu.

Kama huna hakika, chukua .22 LR. Utapiga nyingi kwa gharama ndogo, na kupiga nyingi ndiko kunakomfundisha mtu.

Risasi tatu hizi za mwisho huwashwa ukingoni: kiwashio kimo ndani ya ukingo wa ganda, si katikati ya kitako chake. Kwa hiyo ganda likishapigwa halijazwi tena.

Hatua ya 3: Mtambo

Bunduki ya komeo, au bolti kama wengi tunavyoiita, ndiyo ninayompa mwanafunzi. Unapiga moja, unavuta komeo, unafikiri, unapiga tena. Inakula risasi za kila aina, za kasi na za taratibu, na haina kishindo cha chuma kinachowatimua wanyama waliobaki. Zaidi ya yote, ukitaka kuonyesha kwamba ni salama, unafungua komeo na kila mtu anaona.

Nusu otomatiki inafurahisha kwenye shabaha za mabati. Ruger 10/22, iliyotoka mwaka 1964, imefundisha watu wengi kupiga. Lakini mitambo hii hutegemea nguvu ya risasi kujikoki, na risasi za taratibu mara nyingine hukwama. Tena, risasi ya pili ikiwa tayari muda wote, anayeanza huharakisha. Nimeona mtu aliyekuwa akipiga vizuri kwa bolti akianza kumwaga risasi siku ya kwanza aliposhika nusu otomatiki.

Urefu wa mtutu usikusumbue. Kwa .22 LR baruti huwa imemaliza kazi yake kufikia sentimita 40 hivi, mtutu mrefu zaidi ni uzito tu.

Hatua ya 4: Mwili wako

Funga macho, inua bunduki begani kwa kawaida yako, weka shavu, fungua macho. Jicho linapaswa kuwa katikati ya darubini bila kunyoosha wala kukunja shingo. Ukilazimika kutafuta picha, kitako ni kirefu, kifupi, au shavu limekaa chini mno. Kitako kirefu mno ndilo kosa la kawaida kwa wanawake na vijana wanaopewa bunduki ya mtu mwingine.

Kifyatulio kiachie mara moja kwa usafi, kisiburute. Karibu kilo moja na nusu ya nguvu ya kidole yafaa kwa shamba.

Hatua ya 5: Darubini

Chukua iliyotengenezwa kwa .22. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimewekwa zione sawasawa kwa umbali wa mita 90 hivi. Ukiitumia kwa mita 25, ukihamisha jicho kidogo, msalaba wa kulengea ulio ndani yake nao unahama juu ya shabaha na risasi inaenda pembeni. Za .22 huwekwa kwa mita 45 hivi, na nyingine zina gurudumu la kurekebisha. Ukuzaji wa mara 4 unatosha, 3 hadi 9 unatosha kabisa. Kuongeza zaidi kunakuza mtetemo wa mikono.

Hatua ya 6: Ulize mtutu unapenda nini

Bunduki mbili za kiwanda kimoja, modeli moja, zinaweza kupenda risasi tofauti. Nunua boksi moja moja za aina nne au tano. Piga makundi ya risasi tano kwa mita 50 ukiwa umeegemeza bunduki, na kabla ya kuhesabu kundi la aina mpya piga kama kumi za kuuzoesha mtutu. Aina itakayoweka tano ndani ya milimita 25 ndiyo yako. Kisha nunua nyingi za aina hiyo.

Isawazishe .22 LR kwa mita 50, halafu piga kwa mita 10, 25, 75 na 100 na uandike. Ukitumia ile ya kasi, kwa mita 75 itakuwa imeshuka sentimita 5 au 6, na kwa mita 100 sentimita 15 hadi 20. Kwa mita 10 nayo itapiga chini kwa sentimita moja au mbili, kwa sababu darubini iko juu ya mtutu na mistari yao haijakutana bado. Wanaopiga panya ghalani hushangazwa na hili. Kichwa cha sungura kina sentimita 4 za kulenga, basi pima mwenyewe kosa la sentimita 6 ni nini: ni mnyama aliyejeruhiwa anayekwenda kufia shimoni. Umbali ambao huwezi kuweka risasi tano mfululizo ndani ya sentimita 4, kwa mkao utakaoutumia shambani na si mezani, si umbali wako.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, ninayo .22 Magnum. Naweza kutumia risasi za .22 LR kwa mazoezi?

Hapana mkuu, kamwe. Ganda la LR ni jembamba kuliko chemba ya Magnum, yaani ile nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inamokaa. Linaingia, lakini halishikwi pande zote, na likilipuka linaweza kupasuka na kurusha gesi na vipande nyuma kuelekea usoni. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, weka mfukoni aina moja tu ya risasi.

Swali: Nikibonyeza ikasema "tik" bila kulipuka, nifanye nini?

Usifungue. Acha mdomo wa mtutu uelekee kwenye kinga, hesabu sekunde 30, ndipo ufungue komeo uso ukiwa pembeni. Risasi za ukingoni hukosa kuwaka mara nyingi zaidi kuliko za katikati, na wakati mwingine huchelewa tu. Na ikilia kinyonge kuliko kawaida, simama kabisa. Toa komeo, chungulia mtutu kutokea nyuma. Huenda kichwa kimekwama ndani, na ukipiga nyingine nyuma yake utaupasua mtutu.

Swali: Nimeletewa .22 iliyotumika, ni ya zamani. Nitazame nini?

Anza na mdomo wa mtutu. Ukiwa na mikwaruzo au pembe iliyogongwa, usahihi umekwenda. Tazama ndani kwa mwanga: mifereji iwe na makali, pasiwe na mashimo ya kutu wala pete nyeusi, ambayo ni dalili ya mtutu uliovimba. Kisha angalia ukingo wa chemba. Watu waliozoea kufyatua bila risasi hufanya pini igonge chuma, ikachimba alama, na hapo risasi huanza kuwa nzito kuingia au kutoka. Mwisho, ukiwa umehakikisha haina risasi, koki, weka kilinda usalama, vuta kifyatulio, achia, kisha ondoa kilinda usalama. Ikilia yenyewe, iache hapo hapo.

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka 12 na ananisumbua anataka kupiga. Nimwanzishe na ipi?

Dada, kwanza hakikisha sheria yenu inaruhusu, na kwa masharti gani. Kisha bolti ya .22 ya kuingiza risasi moja moja, au bunduki ya hewa, yenye kitako kifupi cha kimo chake. Mpe risasi moja mkononi, aiweke mwenyewe, apige, afungue, akuonyeshe chemba tupu. Moja tena. Avae vizibo vya masikio na miwani, hata .22 huumiza masikio machanga. Mpe karatasi na makopo kwa miezi mingi kabla hajaelekeza kwa kiumbe. Nyumbani, bunduki kabatini na kufuli, komeo mahali pengine, risasi mahali pa tatu, na funguo zisijulikane naye.

Swali: Sungura ninaowapiga tunawala. Madini ya risasi hayadhuru?

Yanadhuru, na watoto na mama wajawazito ndio wa kulindwa zaidi. Piga kichwa, kata sehemu kubwa kuzunguka jeraha uitupe, na usimpe mbwa. Ziko pia .22 zisizo na madini hayo, lakini zipitishe kwenye jaribio la hatua ya 6, mitutu mingine haizipendi. Mizoga usiiache wazi, ndege wala mizoga humeza vipande vya risasi vilivyobaki mwilini wakafa. Mimi huzika, shimo la kina cha goti, siku hiyohiyo.