Somo: Kuziba nyufa za plasta ya bwawa la kuogelea na spa (bwawa dogo la maji ya moto)

Kabla hujashika grinda, ujue ufa wako ni wa aina gani. Vinyufa vyembamba vilivyotapakaa kama utando wa buibui viko juu juu tu. Plasta ilikauka upesi mno ilipopigwa. Viache. Ufa mmoja mrefu unaoteremka ukutani hadi sakafuni ni wa kuchunguzwa. Zima pampu, maji yatulie, kisha dondosha rangi ya chakula kando ya ufa kwa bomba la sindano. Rangi ikivutwa ndani, panavuja.

Punguza maji yashuke chini ya ufa. Pale ambapo maji ya ardhini yako juu, usilikaushe bwawa lote: likiwa tupu huweza kusukumwa kutoka chini likainuka.

Gongagonga kandokando ya ufa kwa mpini wa bisibisi. Panapolia kama mtungi mtupu, plasta imeachana na zege. Bomoa hadi ufikie iliyoshika.

Vaa miwani na barakoa, chana ufa kwa diski ya almasi: upana milimita 10 hivi, kina hadi kwenye zege, upitilize sentimita 5 kila ncha. Mfereji uwe mpana chini kuliko juu. Wengi huchana umbo la V kwa kuwa ni rahisi, kisha kiraka kinabanduka kwa kukosa kinachokishikilia.

Osha vumbi, lowesha zege, subiri libaki na unyevu bila kung'aa. Kazi nyingi huharibikia hapa. Zege kavu hunyonya maji ya plasta na ufa mpya unatokea pembeni mwa kiraka. Maji yakituama, plasta haishiki.

Paka uji wa saruji nyeupe na gundi ya akriliki (gundi ya mbao hulainika majini, usijaribu). Uji ukiwa bado mbichi, shindilia plasta: saruji nyeupe kipimo 1, marumaru iliyosagwa kipimo 1.5, maji kidogo tu. Lainisha kwa mwiko wa chuma. Funika kwa gunia bichi saa 24, ndipo ujaze. pH (kipimo cha asidi ya maji) ikae 7.2 hadi 7.6, maana maji yenye asidi hula plasta.

MASWALI

Fundi, ufa wangu hurudi palepale kila nikiziba.
– Zege linacheza, mkuu. Plasta haina nguvu ya kulizuia. Tafuta chanzo kwanza, mara nyingi udongo unaosogea au bomba linalovuja nyuma ya ukuta, kisha zege lidungwe epoksi (gundi ya kuchanganya inayoganda ikawa ngumu).

Spa niwashe hita lini?
– Vumbi la plasta likiisha majini. Piga brashi kila siku.

Lazima nitoe maji?
– Ipo epoksi ya kukanda inayoganda majini. Itakuvusha msimu, ila rangi haitafanana.

Na ule ufa kati ya ukingo wa bwawa na sakafu ya nje?
– Huo si ufa, ndugu. Ni nafasi iliyoachwa makusudi ili sakafu itanuke. Ukijaza saruji, sakafu itausukuma ukingo na vigae vitapasuka. Weka silikoni.