Jinsi ya kuomba kazi ndogo za ujenzi Manispaa ya Kigoma Ujiji: kuanzia NeST hadi fedha ya matazamio

Mwongozo huu nimeuandikia wakandarasi wa madaraja ya chini, la saba hadi la tano, pamoja na vikundi vya vijana au akina mama wenye mafundi wao, wanaotaka kazi za Manispaa ya Kigoma Ujiji: choo cha shule, ukarabati wa zahanati, uzio, vibanda vya soko, mtaro. Kazi yangu ni kukadiria gharama za ujenzi, na wengi ninaokaa nao kuandaa zabuni ni watu wa saizi hiyo. Ninachokiona mara kwa mara ni mtu kuamini kwamba kazi hutolewa kwa kujuana. Nguvu zake zote zinaishia kutafuta mtu wa ndani, kisha jedwali la bei analijaza kwa nusu saa usiku wa mwisho. Hapo ndipo zabuni inapopotea, au mbaya zaidi, inapopatikana kwa bei itakayomfilisi. Ndiyo maana sehemu ya bei nimeieleza kwa kirefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Jua nani ananunua nini

Si kila kazi inayoonekana mjini ni ya Mkurugenzi wa Manispaa. Barabara za mitaa, makalavati na mitaro ya pembeni mwa barabara ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017. Mabomba ya maji mjini ni ya KUWASA, mamlaka ya maji ya mji. Manispaa inabaki na majengo ya shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, machinjio, ofisi za kata na vitu vya namna hiyo. Wote hao hutangaza kwenye mfumo mmoja wa zabuni za serikali wa mtandaoni, NeST, ila kila mmoja ana bajeti yake na wahandisi wake. Kupeleka malalamiko ya mtaro wa TARURA kwa Mhandisi wa Manispaa ni kupoteza siku.

Kuna pia force akaunti. Madarasa mengi na majengo mengi ya afya hujengwa hivyo: shule au kituo hununua vifaa na fundi hulipwa ufundi tu. Kama wewe ni fundi usiye na kampuni, mlango wako wa kwanza ni huo. Mwone mtendaji wa kata au mkuu wa shule ujue fedha imeingia lini na fundi anapatikana kwa utaratibu gani. Usikubali kuanza kwa maneno matupu, hata kama mwalimu mkuu ni jirani yako. Mkataba wa ufundi uandikwe, na malipo yagawanywe kwa hatua: msingi, ukuta, lenta, paa, umaliziaji.

Hatua ya 2: Weka karatasi sawa kabla tangazo halijatoka

Kampuni inatakiwa iwe na usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), TIN, leseni ya biashara, cheti cha CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) kilicholipiwa ada ya mwaka, na hati ya TRA inayoonyesha huna deni la kodi. Kila daraja la CRB lina ukomo wa thamani ya mkataba mmoja na lina fani yake. Cheti cha majengo hakikupi haki ya kuomba kazi ya kalavati.

Vikundi vina njia yao. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, ndipo kinaingia NeST. Fungua akaunti ya NeST mapema na upakie nyaraka ukiwa umetulia. Barua pepe na namba ya simu ziwe za mwenye kampuni, kamwe zisiwe za kijana wa steshenari, kwa sababu taarifa zote za zabuni zitapita humo na kijana akihama mji amehama nazo.

Hatua ya 3: Soma mpango wa ununuzi

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Taasisi huweka mpango wake wa ununuzi wa mwaka kwenye NeST, na hapo utaona kazi zinazokuja kabla hazijatangazwa. Kazi ndogo mara nyingi huenda kwa ushindani wa kotesheni (njia fupi ya kulinganisha bei za wazabuni), na muda wake wa kujibu ni mfupi. Aliyesoma mpango mwezi wa nane anakuwa ameshatembelea eneo na ameshaulizia bei za vifaa. Asiyesoma anashtukia tangazo likiwa limebakiza siku tatu.

Hatua ya 4: Nenda saiti kwa miguu yako

BOQ, yaani jedwali la kazi, vipimo na bei, inaandikwa ofisini. Ardhi iko Bangwe, Kibirizi au Buhanda. Nenda na futi kamba, simu ya kupiga picha na daftari. Tazama yafuatayo:

- Lori linafika mpaka wapi? Mji wetu una miinuko, na kuna maeneo ambayo kokoto hushushwa chini, kisha vibarua wanaibeba kichwani. Kubeba huko ni gharama, na BOQ haina mstari wake.
- Maji ya kuchanganyia zege yanatoka wapi, na nani anayalipia?
- Udongo ukoje? Omba ruhusa uchimbe kishimo, au angalia msingi wa jirani anayejenga. Kuna mwamba? Maji ya chini yako karibu? Ukiukaribia mwambao wa ziwa, swali hilo la maji liulize mara mbili.
- Mvua ikinyesha maji yanapita wapi? Waulize wakazi, hasa akina mama wanaofagia uwanja kila asubuhi. Watakuonyesha mkondo usioonekana kwenye mchoro.

Ukiona mchoro na ardhi havikubaliani, uliza kwa maandishi ndani ya NeST kabla ya siku ya mwisho ya maswali. Jibu linawafikia wazabuni wote na linakulinda baadaye. Kumwuliza mhandisi kwa simu hakukulindi.

Hatua ya 5: Jenga bei, usiibuni

Wengi huchukua BOQ ya zamani, wanapunguza asilimia kadhaa, basi. Usifanye hivyo. Kila mstari mkubwa ujengewe bei yake kutoka chini: vifaa, usafiri, ufundi, zana, halafu gharama za ofisi na faida.

Chukua mfano wa zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mita moja ya ujazo inakula takribani mifuko 6 na nusu ya saruji ya kilo 50, mchanga karibu mita 0.45 na kokoto karibu mita 0.9. Kama jengo lina mita 40 za zege, hiyo ni mifuko 260. Sasa tuseme bei uliyoandika ni ya dukani Mwanga, na mfuko ukifika saiti umeongezeka sh 2,000 za gari na kushusha. Umeshapoteza sh 520,000 kwenye mstari mmoja. Saruji inatufikia baada ya safari ndefu ya reli au barabara, na bei yake inayumba. Mwombe mwenye duka akuandikie bei na tarehe ya mwisho ambayo bei hiyo itadumu.

Mfano wa pili ni kuchimba, mstari unaodharauliwa kuliko yote. Mtaro wa mita 150, upana 0.9, kina 0.8, unakupa mita za ujazo 108. Hizo ndizo utakazolipwa. Lakini udongo ukishachimbwa unafumuka, na kwa udongo wa kawaida ongezeko la robo si la kushangaza: zinakuwa mita 135. Tipa ya mita 5 itakwenda safari 27. Aliyegawanya 108 kwa 5 ameweka safari 22. Kwa sh 40,000 kwa safari, pengo ni sh 200,000, na bado hujajua dampo liko wapi.

Kuta: tofali la saruji la sentimita 45 kwa 22.5 linaenda kama 10 kwa mita ya mraba. Ongeza ya kuvunjika, hasa kama unayanunua mbali badala ya kufyatua saitini.

Halafu mvua. Kiangazi chetu ni kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, wakati bajeti mpya ndiyo kwanza inafunguliwa. Kufika fedha, kutangaza, kutathmini na kusaini, mara nyingi msingi unachimbwa mwezi wa kumi na moja mvua ikiwa imeshika. Bei ya kuchimba iliyofikiriwa kwa ardhi kavu haitoshi. Weka gharama ya kutoa maji, kuchimba upya kuta zilizoporomoka, na turubai la saruji. Ningependa kuona miradi midogo inatangazwa mapema zaidi ili misingi yote imalizike kabla ya mvua. Wananchi wangepata majengo imara zaidi kwa fedha ileile. Mpaka hapo, iwekee mvua bei.

Kumbuka kazi za awali: bango la mradi, stoo, mlinzi, bima, vifaa vya usalama, vipimo vya zege. Soma kama bei zinatakiwa pamoja na VAT au bila VAT. Na kagua sufuri. Mfumo hujumlisha wenyewe, lakini hauwezi kujua kwamba umeandika 15,000 mahali pa 150,000.

Bei ya chini kupita kiasi nayo ni hatari. Unaweza kutakiwa uieleze, na hata ukipita, utaishia kupunguza saruji. Choo cha shule kilichopunguziwa saruji kinatumiwa na watoto.

Hatua ya 6: Wasilisha siku moja kabla

Intaneti ikikatika saa ya mwisho hakuna wa kumlilia. Hakikisha tamko la dhamana ya zabuni limesainiwa na mtu aliyetajwa kwenye hati ya uwakilishi, na kila kiambatisho kinafunguka. Zabuni nyingi nzuri huangukia hapa, kwenye saini, kabla mtu hajatazama bei.

Hatua ya 7: Tathmini na kusudio la tuzo

Kamati ya tathmini huangalia ukamilifu wa nyaraka, kisha uwezo wa kiufundi, kisha bei. Taarifa inakwenda Bodi ya Zabuni, ambayo wajumbe wake ni watumishi, madiwani hawamo. Mkurugenzi ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha na ununuzi. Anayekuahidi kuwa diwani fulani atakupa zabuni, au anayeomba chochote ili faili lisogee, mkatae, na taarifa ipeleke TAKUKURU.

Kabla ya tuzo wazabuni wote hupata notisi ya kusudio, ikitaja mshindi, bei yake na sababu za wengine kukosa. Muda wa kulalamika ni siku chache tu za kazi, kwa hiyo isome siku ileile. Malalamiko huanza kwa afisa masuuli kwa maandishi. Usiporidhika unakwenda Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma. Hata kama hulalamiki, sababu ya kukosa iandike daftarini. Ndiyo somo la zabuni inayofuata.

Hatua ya 8: Mkataba

Soma masharti maalumu ya mkataba, kurasa zile chache zinazojazwa kwa kila mradi. Humo kuna siku za kazi, fidia ya kuchelewa, dhamana ya utendaji, kama malipo ya awali yapo, asilimia ya malipo itakayoshikiliwa na urefu wa matazamio, yaani kipindi baada ya makabidhiano ambacho unawajibika kurekebisha kasoro. Benki ikikusumbua kwa dhamana, uliza Mfuko wa Kusaidia Makandarasi ulio chini ya CRB. Huwadhamini wanachama wake wadogo na wa kati.

Hatua ya 9: Saiti na cheti cha malipo

Weka shajara ya saiti kila siku: idadi ya mafundi, vifaa vilivyoingia, mvua ilianza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Ukihitaji kuongezewa muda, shajara hiyo ndiyo ushahidi wako, na ombi lipelekwe mapema kwa barua. Kazi ya ziada isifanyike kwa agizo la mdomo, hata likitoka kwa mhandisi mwenyewe. Mwambie kwa heshima, "Naomba maelekezo ya maandishi, mhandisi, nianze leoleo." Mhandisi mzuri hachukii.

Pima kazi pamoja na msimamizi, msaini wote, ndipo uandae cheti. Fedha haiji siku hiyo, kwa hiyo uwe na mtaji wa kubeba kazi mpaka cheti cha kwanza kilipwe. Kodi ya zuio kwa ujenzi hukatwa asilimia 5 kwenye sehemu ya huduma, kwa mgawanyo wa 3 kwa 2 kati ya vifaa na huduma. Huduma ni sehemu 2 kati ya 5, maana yake ni asilimia 2 ya malipo yote kabla ya VAT. Dai cheti chake, kwa sababu ni kodi yako ya mapato iliyotangulizwa.

Hatua ya 10: Makabidhiano na matazamio

Tuseme mkataba ni sh milioni 60 na asilimia 10 imeshikiliwa. Hiyo ni milioni 6. Mara nyingi nusu hutoka kwenye makabidhiano na nusu baada ya matazamio, ambayo kwa kawaida ni mwaka mmoja. Milioni 3 za mwisho wengi huziacha, kwa kuwa wamehamia kazi nyingine na hakuna aliyewakumbusha. Andika tarehe ya mwisho wa matazamio siku ileile unayokabidhi funguo. Mwezi mmoja kabla, rudi ukague: nyufa za sakafu, bawaba, mabomba yanayovuja, maji yanayosimama kwenye mtaro. Rekebisha, piga picha, kisha mwandikie Mkurugenzi barua ya kuomba ukaguzi wa pamoja, nakala kwa Mhandisi wa Manispaa. Ukaguzi ukipita, omba cheti cha kumaliza matazamio na ukiambatishe kwenye dai la salio lako.