Somo: Matembezi ya Kutazama Ndege kwenye Mlango wa Mto

Kabla ya kuandaa mkoba, soma jedwali la maji kujaa na kupwa. Saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyokufaa jana haitakufaa wiki ijayo. Maji yakiwa yamepwa kabisa, ndege hutawanyika kwenye tope la mbali na huonekana kama vitone tu. Fika muda wa saa mbili hadi tatu kabla ya maji kujaa, utafute mahali pa kukaa, kisha uyaache maji yenyewe yawasukume kuja upande wako. Wakati wa bamvu, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda juu zaidi na kwa kasi. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana; sehemu ya tope huenda isifunikwe, na ndege wasikaribie.

Pili, jua liwe mgongoni mwako. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha.

Tatu, tazama mwendo kabla ya rangi, kwa kuwa ndege wengi wa topeni wana rangi ya tope. Wapo wanaokimbia hatua chache, wakasimama ghafla kama waliosahau jambo, kisha wakadonoa: hao huwinda kwa macho. Wengine hudungadunga tope bila kupumzika, mfano wa sindano ya cherehani, kwa sababu ncha ya mdomo wao huhisi windo lililofichika. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, huutumbukiza katika shimo la kaa, na mara nyingine hulazimika kuinamisha kichwa upande ili aufuate mpindo wa shimo.

Nne, ndege wakiacha kula na kuinua vichwa, umekaribia mno. Rudi nyuma polepole. Mwaka 2022 ndege mmoja wa jamii hii ya topeni aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, bila kutua, kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Kila anaporushwa bure hupoteza akiba hiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Nilimwona shakwe wa kahawia kati ya weupe. Je, ni aina nyingine?
Jibu: Huenda ni kinda. Shakwe wakubwa huchukua takriban miaka minne kupata manyoya ya utu uzima. Linganisha umbo la mdomo.

Swali: Nitahesabuje kundi kubwa linaloruka?
Jibu: Hesabu kumi, shika machoni nafasi waliyochukua, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo.

Swali: Naruhusiwa kushuka topeni ili nipige picha?
Jibu: Ninakushauri usishuke. Niliwahi kushuka mimi, macho yakiwa kwenye buabua waliokuwa mbele, na nilipogeuka kijito nilichokiruka kwa hatua moja kilikuwa kimenifika kiunoni. Nilivuka nimeinua darubini kichwani, na kiatu kimoja kilibaki huko.