SOMO: Kupangisha nyumba kwa shirika hapa Kigoma (naandika mara moja, inboksi imejaa)

Mwakeye ndugu zangu. Tangu mwaka jana kila wiki mtu ananiuliza jambo lilelile: "Nimesikia ulipangisha nyumba kwa shirika, na mimi nataka, nianzie wapi?" Haya, anzia hapa. Hili ni la nyumba nzima anayochukua mpangaji mmoja, yaani taasisi, kisha yeye ndiye anaweka watu wake ndani. Mwenye chumba na sebule pale Mwanga hili halikuhusu.

1. Karatasi za umiliki ziwe kwa jina lako. Picha ya hati kwenye simu haitoshi.

2. Uwe na TIN na akaunti ya benki yenye jina lilelile. Hela mkononi hawakupi.

3. Nyumba yenyewe. Wanachoangalia si marumaru wala dari la jasi. Wanaangalia ukuta, geti, tangi la maji, choo cha ndani, na kama gari litafika masika. Kwangu Katubuka shirika lilimtuma kijana mmoja na karatasi zake. Sebule yangu niliyoipamba hakuitazama. Alifungua bomba, akasubiri, akafunga. Akaenda dirishani, akashika grili kwa mikono miwili akaitikisa, akaniuliza, "Moto ukiwaka mlangoni, mtu aliyelala humu anatokea wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamwita fundi, grili ya chumba kimoja ikawa ya kufunguka kwa ndani, na ufunguo wake ukaning'inizwa karibu. Fanyeni hili hata kama nyumba mnaishi wenyewe.

4. Bei. Jitajie wewe, ila kumbuka kodi ya zuio. Taasisi ikikulipa pango inakata asilimia 10 inapeleka TRA. Pango la Sh 600,000 kwa mwezi, wewe unapokea 540,000. Mimi nilimfuata mhasibu wao nikiwa nimevimba, nikidhani nimeibiwa, na kumbe ni sheria. Dai cheti cha zuio kila wanapokulipa, ukitunze. Bila hicho huna cha kuonyesha TRA kwamba kodi ilishakatwa.

5. Mkataba. Hapa ndipo nilipoungulia, someni polepole.

Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, kuanzia Septemba 2024, kwa Kiingereza, kurasa kumi na kitu. Nilisoma ukurasa wenye bei nikasaini. Kwa furaha nikakopa benki milioni tisa: nikainua ukuta, nikaweka simtanki la pili, nikajenga kibanda cha mlinzi. Nikijipigia hesabu, milioni saba na laki mbili za mwaka, na mkataba wa pili utamaliza deni. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na hela za mpangaji wangu zilitoka huko. Kabla mwezi haujaisha nikaletewa barua ya notisi ya siku 30. Nikakimbilia mkataba, nikatafuta mtu wa kunisomea. Kipengele kilikuwepo: mfadhili akikata fedha, mpangaji anaondoka kwa notisi ya siku 30, hadaiwi kitu. Mwisho wa Februari wakafunga geti. Nilikuwa nimepokea miezi sita, milioni tatu na laki sita, ukitoa zuio 3,240,000. Deni la benki bado nalitumikia.

Kwa hiyo kabla ya kusaini: tafuta kipengele cha kuvunja mkataba kwanza, bei baadaye. Omba notisi ya miezi mitatu. Wakigoma, omba angalau walipe miezi sita mbele. Iandikwe kwamba wataondoka nyumba ikiwa kama walivyoikuta, na mpige picha kila chumba siku ya makabidhiano, kila upande ubaki na nakala. Na USIKOPE kuirekebisha nyumba kwa kutegemea pango ambalo hujalipokea. Narudia, usikope.

6. Ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa mfano wangu ni Sh 72,000. Ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Mkataba usiolipiwa mahakama haiupokei kama ushahidi.

MASWALI

Kijana wa Gungu: Mkuu, wanalipa ngapi? Nipe namba ya mtu wao.

Bei iko hatua ya 4. Namba sitoi.

Kijana wa Gungu: Sasa hiyo 10% si wanakula tu?

Rudi usome.

Mtoto wa Kibirizi: Tamaa ndiyo iliyokuponza kaka. Mimi naweka walimu, wananilipa kila mwezi, silali njaa.

Nimeandika mwenyewe kwamba nilikosea, hukugundua wewe. Na walimu ni wapangaji wazuri, sijasema nao ni wabaya.

Mama Ujiji: Pole mwanangu. Nyumba ya marehemu mume wangu ina jina lake bado, na watoto ni wanne. Wamekuja watu wanaitaka. Nisaini?

Shikamoo mama. Usisaini kwanza. Anzeni na kikao cha familia, mchague msimamizi wa mirathi, kisha muende mahakama ya mwanzo apewe barua ya usimamizi. Mwenye barua hiyo ndiye anayesaini, na pango ni la warithi wote, si lake. Waambie hao watu wasubiri, wakiitaka kweli watasubiri. Ukikwama kwenye karatasi, niandikie inboksi, wewe nakuruhusu.

Fundi Buzebazeba: LUKU akinunua mpangaji, kodi ya jengo si inakatwa humohumo?

Swali zuri, nililisahau. Ndiyo, nyumba ya kawaida inakatwa Sh 1,500 kwa mwezi, na kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Taasisi itakudai hela hiyo mwisho wa mwaka, 18,000. Andikeni mapema nani anabeba, msigombane kwa hela ya migebuka.

Fundi Buzebazeba: Na huu udongo mwekundu? Mvua moja tu, ukuta mweupe umeharibika.

Paka rangi ya kahawia mpaka usawa wa goti, halafu mwaga kokoto chini ya matone ya bati. Kwangu hivi ni masika ya pili, sijagusa brashi.

Mama Ujiji: Kokoto za wapi mwanangu, na tripu bei gani?