Kisu Kimoja na Sufuria Mbili: Kununua Vyombo vya Jiko la Kwanza

Anayeanza maisha katika chumba chake cha kwanza huvutwa sana na seti: visu sita katika kasha la mbao, sufuria saba zilizopangwa moja ndani ya nyingine, na bei inayoonekana nafuu. Ushauri wangu ni kuiacha seti hiyo dukani na kuzitumia fedha zilezile kununulia kisu kimoja kizuri na sufuria mbili nzito, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyoshikwa kila siku.

Kisu chenye ubapa wa sentimita 18 hadi 20 kinatosha kwa nyama, vitunguu na mboga za majani. Uchunguze mpini kwanza: chuma kiwe kimepita ndani yake hadi mwisho na kukazwa kwa ribiti, si kuchomekwa kidogo na kugandishwa kwa gundi. Kisu changu cha kwanza kilichomoka mpini nikikata boga, ubapa ukabaki umenasa ndani, na tangu siku hiyo sidanganywi na mng'aro. Chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi, lakini hushika kutu upesi kikiachwa na maji ya ndimu, hivyo wengi watafaa zaidi na chuma kisichoshika kutu. Nunua na jiwe la kunolea, ukilaze kisu juu yake kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20, na ukatie juu ya kibao cha mbao, maana kioo na marumaru hufisha makali. Kisu butu ni cha hatari zaidi, kwa sababu hulazimu kukandamizwa, kikateleza na kuangukia kidole.

Sufuria huchaguliwa kwa kufuata jiko. Apikaye kwa mkaa atafute yenye kitako kinene na mfuniko wa chuma mtupu, kwani wali hupaliwa makaa juu, na kishikio cha plastiki hakitahimili. Kikaango kisichogandisha chakula kisiwekwe kwenye mkaa kabisa: utando wake huanza kuharibika joto linapozidi nyuzi 260 za Selsiasi, na makaa yaliyokolea hufika huko bila mpishi kutambua. Kwenye jiko la gesi, kitako kiwe bapa kisiyumbe.

Jambo moja nalisisitiza. Baadhi ya sufuria zinazosubiwa, yaani kuyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kwa alumini chakavu huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vyakula vichachu huyavuta yakaingia kwenye chakula. Kwa hiyo mchuzi wa ukwaju au wa nyanya nyingi upikwe katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au katika chungu cha udongo kisichopakwa rangi, ambacho kikiwa kipya hulowekwa majini usiku kucha, kisha kikachemshiwa uji mwepesi kwa moto mdogo kabla ya kupikiwa.

Mwiko, upawa na mbuzi ya nazi vinaweza kununuliwa kimoja kimoja, kila mapishi yanapovihitaji.