Kabla hujampandisha mbwa wako

Jike wako ameingia kwenye joto, jirani ana dume zuri la German Shepherd, na tayari mmeanza kupiga hesabu za watoto. Kwa wafugaji wengi wa nyumbani, ushauri wangu ni huu: usimpandishe. Mfungie ndani wiki 3, joto likishapita muone daktari wa mifugo mpange siku ya kumfunga kizazi.

Bado wapo wanaoamini kwamba jike lazima azae walau mara moja ili awe na afya. Si kweli. Kufunga kizazi humkinga na usaha wa mfuko wa uzazi, ugonjwa unaowapata majike wiki chache baada ya joto na kuwaua wasipotibiwa haraka.

Kupandisha kiholela nako kuna ugonjwa wake, na huku kwetu upo sana: uvimbe wa sehemu za siri. Hii ni saratani inayoambukizwa, seli zenyewe huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine wanapopandana. Mwenye mbwa huona damu ikidondoka sakafuni wiki nenda wiki rudi, akadhani ni joto. Ukimkagua unakuta kinyama chekundu chenye vinundu kama koliflawa, kinachomeguka ukikigusa. Hutibika kwa sindano za vinkristini, dawa ya saratani, kila wiki, kwa wiki kadhaa, na si bei ndogo. Basi dume la jirani likaguliwe kwanza, hata kama mwenyewe ataona unamdharau.

Linaloniumiza zaidi ni watoto wasiopata wenyewe. Jike mkubwa anaweza kuzaa 8 au zaidi. Wawili watatu wanachukuliwa, waliobaki wanatupwa sokoni au dampo, wanakua mbwa koko bila chanjo. Karibu watu wote wanaougua kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra mno mtu kupona. Kama huna watu wa uhakika wa kuwachukua kabla ya kupandisha, acha.

Ukiwa nao, subiri jike na dume watimize miaka 2, wawe wamechanjwa. Wa ukoo mmoja wasipandane, na mbwa mkali anayeuma ovyo asizalishwe, hata awe wa mbegu ghali. German Shepherd apigwe eksirei ya nyonga kwanza, maana ubovu wa nyonga hurithiwa.

Andika tarehe ya kupandisha. Mimba huchukua siku 63 hivi. Usimpe vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba bila daktari, vinaweza kumletea degedege akinyonyesha. Siku ya kuzaa, akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au ukaona uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, piga simu mara moja. Mtoto aliyepoa mwili usikimbilie kumnywesha maziwa, hayasagiki tumboni. Mpashe joto taratibu kifuani mwako, ndipo umrudishe kwenye chuchu.

Dawa ya minyoo huanza wiki ya 2, ikirudiwa kila wiki 2. Chanjo ya parvo, kirusi cha kuhara na kutapika kinachoua watoto wa mbwa, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa mpaka wiki ya 16. Ya kichaa hutolewa wakifikisha miezi 3. Usimtoe mtoto kwa mama yake kabla ya wiki ya 8, na anayemchukua umkabidhi na kadi ya chanjo.